Mume Wangu, Mkaguzi wa Dawa na Sumu

Mume wangu alipostaafu polisi, alikaa nyumbani miezi mitatu akikagua sufuria zangu. Kwa hiyo barua ilipofika kwamba serikali imemteua kuwa mkaguzi wa dawa na sumu, nilimshukuru Mungu kwa sauti. Sasa ana mamlaka ya kuingia duka lolote Kampala.

La kwanza aliloingia ni duka langu la dawa, pale Katwe.

Alikuja Jumatatu asubuhi, kitambulisho kipya kifuani, shati nililompigia pasi mwenyewe. Wateja wawili walikuwa wakingoja dawa ya kikohozi.

"Habari za kazi, nyabo," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda kama mtu asiyenijua.

"Nzuri, Baba watoto. Umesahau nini?"

"Leseni iko wapi?"

Sheria inataka itundikwe ukutani. Yangu niliificha nyumbani, maana ukuta wa duka ulikuwa unavuja. "Iko chini ya godoro," nikamjibu, "upande wako. Umeilalia mwaka mzima."

Wateja walicheka. Yeye aliandika: leseni haikuonekana. Kisha akainua macho kwenye rafu.

"Nani aliweka sumu ya panya karibu na dawa ya watoto?"

"Wewe. Jumapili ile uliponisaidia kupanga. Ulisema unataka chupa zilingane urefu."

Kalamu ilisita. Halafu akaandika: sumu ilipangwa na mtu asiye na ujuzi. Akanifungia duka, akabandika karatasi ya serikali mlangoni.

"Nikianza na wengine watasema namlinda mke wangu," akaninong'oneza. Nilikasirika. Lakini nilijua ile chupa haikupaswa kuwa pale. Mtoto yeyote angeweza kuishika. Hilo sikumwambia.

Mchana akaenda kukagua Ggaba, kando ya ziwa, akala samaki huko, na tumbo likaanza kumkata. Akatafuta dawa. Habari zake zilikuwa zimemtangulia: kila duka la dawa alilolifikia njiani akirudi, mpaka Kabalagala, lilifungwa mara tu wenyewe walipomwona kwa mbali. Alifika nyumbani jioni amejikunja.

"Mama, dawa ya tumbo ipo?"

"Ipo. Dukani."

Nikamchemshia maji, nikatia chumvi na sukari, akanywa kikombe chote.

Wiki hiyo mafundi wa Katwe walinitengenezea kabati la chuma lenye kufuli, wakaziba na ukuta uliokuwa ukivuja. Leseni nikaitundika. Mkaguzi akarudi, akakagua kila kitu, akabandua karatasi yake. Kisha akanyoosha mkono.

"Ufunguo wa kabati la sumu nitautunza mimi. Ni salama zaidi."

"Sheria inasema autunze mtu mwenye cheti cha kuuza dawa," nikamwambia. "Wewe unacho?"

Hana. Ufunguo ninao mimi mpaka leo.