Mlango wa Libuyu

Pikipiki ilinishusha Bungulu, mtaa wa Beni nisioujua, vumbi la barabara yote ya kutoka Butembo likiwa masikioni mwangu. Huko Butembo wafanyabiashara walikuwa wamenihakikishia kwamba nchi hii haina mtu wa machozi: machozi hayapakiwi kwenye lori. Nikasadiki. Nilikuja kupanga chumba cha mjane mmoja, Mama Emérence, aliyekuwa anarudi kwao Mbau siku ileile.

Ukutani uliegemea mlango. Kijiji chao cha Mbau kilipokimbia vita, miaka sita iliyopita, wengine walibeba sufuria. Yeye aling'oa mlango. Nilitoa daftari upesi, kama msafiri yeyote anayenusa huzuni ya watu. Nikamuuliza kama ulimkumbusha marehemu mume wake. Akaniangalia kama mbuzi aliyeingia kanisani. Ni mbao ya libuyu, mti mgumu wa msituni, akasema, na libuyu haiozi.

"Sentiment ni ya batu benye habana shamba."

Nikaandika: sentiment, mambo ya moyo. Kumbe ni kweli, hawana machozi.

Seremala Ésaïe alikuwa amekuja na msumeno. Kaka yake Mama Emérence alikuwa amejenga upya nyumba ya Mbau, lakini fremu ilikuwa nyembamba kuliko mlango kwa vidole viwili. Ésaïe alitaka kuvikata pembeni mwa mlango, kazi ya robo saa.

"Bakate nyumba," Mama Emérence akasema.

Ésaïe akacheka, akanieleza kwamba watu wa Mbau huanza na mlango, kisha hutafuta kuta za kuupachika. Akaweka msumeno. Mama akaweka kiganja palepale. Kati ya vidole vyake niliona chaki ya zamani iliyopakwa vanishi: 3/3. Wachanjaji huandika hivyo milangoni, watoto waliochanjwa juu ya watoto wa nyumba.

"Ile siku bote batatu balikuwaka mu nyumba, Ésaïe."

Ésaïe alijua, kama mtaa wote, kwamba leo wamebaki wawili. Akaondoa msumeno, akaanza kupima fremu ya dirisha ambayo hakuna aliyemwomba kuipima.

Sadrack, mwenye pikipiki ya kumpeleka Mama Mbau, alipofika alisema atabeba mlango au godoro lake, si vyote. Mama hakufikiri hata kidogo.

"Matelas muachie huyu mugeni. Anaonekana mutu wa kulia, atailalia muzuri."

Wakaufunga mlango kwa kukingamana. Mama akapanda nyuma, akimgombeza Sadrack kwa sababu kamba ilipita juu ya chaki, mpaka akaifungua na kuifunga upya. Wakashika barabara ya Oicha, inayopita Mbau, wakichukua upana wake wote, pikipiki nyingine zikipisha kama kwa gavana. Hakugeuka nyuma. Mtu asiye na sentiment hageuki.

Ésaïe akakunja futi yake, akasema Ijumaa ana kazi Mbau: kukata nyumba.

Mimi nikabaki na godoro.