Nilipima paa kwa kitenge

Jamani, leo nimejiaibisha hapa Bwera!

Sikutaka fundi aniongezee gharama. Basi mabati ya kununua nikayapima mwenyewe, kwa urefu wa kitenge, kama ninavyowapimia wateja wangu vitambaa sokoni Mpondwe.

Paa la zamani likashushwa. Mabati mapya yakagongwa, yakaishia katikati ya chumba cha kulala. Kitanda upande wa mume wangu, mbingu tupu!

Nikamfokea Fundi Paluku, "Umeficha mabati yangu!"

Akauliza polepole, "Mama, ulipimia wapi?"

"Sakafuni."

Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Sasa paa iko nalala chini? Iko napanda sawa mulima!"

Majirani walicheka mpaka wakakaa chini.

Mume wangu ndio amerudi. Anaomba tubadilishane upande.

Nikubali? Jibuni haraka, mvua imeshavuka mpaka wa Mpondwe, inakuja huku.