Herufi E

Jumanne iliyopita nilipeleka pikipiki yangu gereji, pale Ilembo. Nikamkuta mwalimu mstaafu amechuchumaa mbele ya gari jekundu la spoti la mtumba, anafuta kibao cha namba kwa leso. Pembeni lilisimama jingine jeupe, aina ileile, toleo tofauti.

"Hili ni namba E," alisema. "Lile ni namba C. Niache jipya ninunue kuukuu?"

Fundi alijifuta mikono kwenye ovaroli. "Mwalimu, hiyo herufi inasema gari limesajiliwa lini, haisemi limetengenezwa lini. Hilo la E ndiyo toleo la zamani, giaboksi zake zinakufa sana. Hili la C ni toleo lililofuata, huo ugonjwa walishautoa. Hilo jekundu litakuacha njiani."

Mwalimu hakuinuka. "Mke wangu alisubiri gari miaka yote, amekufa bado anapanda bodaboda. Nikifika ukweni Usevya watasoma namba, hawatasoma giaboksi."

Fundi akarudi kwenye pikipiki yangu. Mpanda hapa tunahesabu umri wa gari kwa herufi, kama vile lilizaliwa siku lilipofungwa kibao. Na mimi pikipiki yangu niliichagua hivyohivyo, ndiyo maana nilikuwa gereji.

Jana nimelikuta lile jekundu limekufa kwenye barabara ya Usevya, boneti wazi. Mwalimu alikuwa amechuchumaa mbele yake, anafuta vumbi kwenye kibao.

"Ulivyokuwa unakuja kutoka kule mbali," aliniuliza, "E ilikuwa inasomeka?"

Nikamwambia inasomeka.