Robo Tatu Ukitoa Nusu

Nisikilize taratibu, ndugu msomaji. Juzi niliona binti yangu ameandika daftarini kwamba robo tatu ukitoa nusu inabaki moja nzima, nami nikakumbuka harufu ya iliki, alasiri moja ya Ramadhani utotoni, kwetu Msambweni.

Shangazi alikuwa jikoni, mikono imejaa unga.

"Wewe msomi! Tulikuwa na robo tatu ya mkate wa sinia, kaka yako amepeleka nusu mkate msikitini. Umebaki kiasi gani? Nimimine mwingine wa wageni?"

Tatu nikatoa moja, nne nikatoa mbili, nikapata mbili juu ya mbili.

"Umebaki mzima, shangazi."

Sikushangaa. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulifundishwa kuwa sadaka haipunguzi mali.

Adhana ilipokaribia, wageni sita wakiwa wamekaa mkekani, shangazi alifunua kawa, kile kifuniko cha ukili, akakuta robo peke yake.

"Nusu ni robo mbili, mwanangu," alisema, akikata vipande vyembamba kama vidole. "Haya, robo tatu toa robo mbili?"

"Robo moja," nilijibu. Kipande changu hakikuwapo.

Basi kabla ya kutoa, kata sehemu zote mbili ziwe vipande vya ukubwa mmoja, kisha toa namba za juu tu. Ya chini iache ilivyo.