Kinyoya Kwenye Paa la Kanisa

Harufu ya wavu wa omena hunirudisha kanisani hadi leo. Kanisa letu la Kosele lilikuwa la mabati, refu, lisilo na dari, na muhula mmoja nilipokuwa darasa la saba liligeuka uwanja wa badminton kila Jumamosi. Tulisukuma mabenchi ukutani, tukafunga kati ya nguzo mbili wavu mkuukuu ambao mjomba alituletea kutoka ziwani, na hata tulipoufua kwa sabuni uliendelea kunuka samaki. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mchezo huo tuliletewa na Madam Nekesa, aliyekuwa akisomea ualimu Rongo na akaja kwetu kwa mazoezi ya kufundisha. Uwanjani upepo ulivipeperusha vinyoya vyake, vile vigoroli vyenye manyoya vinavyopigwa kwa raketi, hadi kwenye mihogo ya watu, kwa hiyo akamwomba mchungaji atuazime kanisa.

Mimi nilikuwa msichana mfupi mwenye kifua kibovu. Kwenye netiboli wenzangu walipitisha mpira juu ya kichwa changu kana kwamba sipo, na kandanda ilikuwa mali ya wavulana. Lakini nikishika raketi, rafiki yangu Akinyi, kinara wa netiboli, alitoka jasho, nami nikajipenda. Kaka yake, Otieno, alikuwa akituchungulia dirishani na kucheka.

"Wachaneni na hiyo mchezo ya manyoya," alisema. "Kwani nani hushangilia kuku?"

Alisema kweli, hakuna aliyetushangilia. Mpira wa miguu mtoto yeyote angeutengeneza kwa karatasi za nailoni na kamba. Ukipasuka asubuhi, jioni upo mwingine. Kinyoya hakikuwa na ndugu katika duka lolote la Kosele. Madam alipoondoka alituachia raketi mbili na kinyoya kimoja kizima, na mwalimu mkuu akaahidi kwamba siku ya kufunga shule tutacheza mbele ya wote. Shule ikipendezwa, atanunua vifaa. Nilikitunza kinyoya kile kama yai.

Jumamosi ya mwisho Akinyi alinipigia kinyoya juu, nami nikakirudisha kwa nguvu zangu zote. Kilipanda, kikapanda, kikanasa kati ya boriti na bati. Tulingoja kishuke. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka cha paani hawakumpa shauri. Hapakuwa na ngazi iliyofika, na wavulana walipoanza kurusha mawe, mzee wa kanisa aliwafukuza kwa kuhurumia mabati yake. Kesho yake kwenye ibada mchungaji alitusifu mimi na Akinyi kwa kuinua macho juu wakati wote wa maombi.

Tulitengeneza kingine kwa gunzi la mahindi na manyoya ya jogoo wa dani, nyanya yangu. Siku ya kufunga shule tulikipiga mbele ya wote na kila mara kikaanguka puu, shule nzima ikacheka hadi walimu. Mwalimu mkuu alinunua mpira wa ngozi. Nilienda nyuma ya jiko la shule nikalia, na Akinyi akakaa nami.

Siku hizi Kosele watu hulipa kiingilio kutazama kandanda ya Ulaya kwenye runinga, na wanangu huwajua wachezaji wa huko kuliko binamu zao. Badminton nikiitaja, huniuliza ni mchezo wa nchi gani. Mwaka huu nilirudi kwa harusi ya binti ya Akinyi, nikakuta kanisa limewekwa dari nyeupe, safi kabisa. Otieno ndiye mzee wa kanisa sasa, na ndiye aliyesimamia ile kazi. Nilitazama juu kwa mazoea, naye akaniona.

"Unatafuta kitu yako?" aliuliza.

"Mlikitoa?"

"Hapana. Fundi alikipata, nikamwambia asiguse, afunike tu. Hiyo ilikuwa pigo kali, mama. Mimi nilikuwa hapo dirishani."

Tukaingia kwenye foleni ya chakula.