Nililinywa Mimi Limbwata la Mume Wangu

Mwaka ule wa kipindupindu nilinyakua kikombe cha limbwata alicholetewa mume wangu, nikakinywa mwenyewe mbele ya kambi nzima.

Msicheke. Someni kwanza.

Ilikuwa 1978, wengi wenu hamjazaliwa. Tuliishi kambi ya wakata miwa, huko tambarare chini ya Moshi mjini. Watu wa kuja watupu. Sisi tulitoka Iramba, majirani zetu Kigoma, wengine Dodoma. Mlima tuliuona kila asubuhi, ila watu wa mlimani hatukuwaamini, na wao hawakutuamini.

Ugonjwa ulipoingia, uongo ulikuwa umeshatangulia. Mara oh, sindano inaua uzazi. Mara kisima kimetiwa sumu ili tuondoke wenyeji wachukue kazi.

Zahanati ikajaa. Tukaletewa nesi wa kuzunguka nyumba kwa nyumba, msichana wa Kibosho, jina lake Kornelia.

Jamani, Kornelia! Mrefu, mweupe, gauni la unesi limemkaa utadhani alishonewa akiwa amelivaa.

Mume wangu Nikodemo, ambaye kwangu hata ndoo ya maji hakuwahi kubeba, akajitolea kumbebea mkoba.

"Namsaidia kutafsiri," ananiambia.

Kutafsiri nini, na kambi nzima inaongea Kiswahili? Nilikuwa nawaka. Nikisikia kicheko chake huko nje naunguza ugali.

Na huyo nesi alikuwa na kinywaji chake. Maji ya kuchemsha, sukari, chumvi. Anakoroga huko kwake, anakuja nacho kwenye jagi lililofunikwa kitambaa, anawanywesha wagonjwa kwa mkono wake. Wanaume pia!

Sasa niambieni, mwanamke anampelekeaje mume wa mtu kinywaji kilichofunikwa? Kila mke pale kambini alikuwa na jina la kitu hicho: limbwata, dawa ya kumvuta mume wa mtu. Nani alianza kulisema sijui, lakini lilienea haraka. Wanawake wakawa wanapokea kikombe kwa heshima, nesi akigeuka wanamwaga. Hata Mzee Remigius, mtu wa rozari kila jioni, mkewe alimmwagia chake. Tukamzika.

Kisha asubuhi moja akaanguka Nikodemo.

Kuhara mfululizo, kama maji ya mchele. Ilipofika mchana macho yameingia ndani, sauti imekwisha. Mwanaume wa kubeba mizigo ya miwa, sasa hata mkono hawezi kuinua.

Kornelia akafika na jagi lake. Wifi yangu Lukresia, dada mkubwa wa Nikodemo, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Shikamoo mama," Kornelia akasema.

Hakuitikia. "Hapiti mtu hapa na limbwata! Unamtaka mdogo wangu hata anapokufa?"

"Mama, anakauka. Asipokunywa sasa hivi tutamzika."

"Kawanyweshe kaka zako huko Kibosho!"

Watu wakajaa. Wote wakanigeukia mimi, Mama Primus, mwenye mume.

Nilimtazama Kornelia. Nilimchukia, Mungu anajua. Nikimwachia amnyweshe, huenda akanichukulia mume. Nikimzuia, mume huyohuyo anachukuliwa na kaburi.

Nikasema liwalo na liwe. Nikanyakua kikombe.

"Kama lina limbwata, na linipate mimi! Nimpende mimi huyu nesi!"

Nikagugumia mpaka nusu.

Watu wananikodolea macho.

"Enhe," Lukresia akauliza, "unajisikiaje?"

"Bado namchukia vilevile."

Mtu mmoja huko nyuma akaangua kicheko, kambi nzima ikafuata. Lukresia naye mdomo ukamcheza, akapisha mlango.

Nilimnywesha Nikodemo kwa mkono wangu mwenyewe, kijiko kwa kijiko. Kornelia nilimwambia akae mbali, anielekeze kwa mdomo tu. Akitapika nangoja kidogo, naanza tena. Jua linashuka, Nikodemo akaomba kukojoa.

"Mae!" Kornelia akaruka, Kichaga kikimtoka. "Amekojoa! Maji yamemrudia mwilini, amepona!"

Sijapata kuona msichana anafurahia mkojo wa mume wa mtu namna ile.

Nikamfuata nje anakonawa. "Niambie ukweli. Kuna nini kati yako na mume wangu?"

Akashusha pumzi. "Mama Primus, alinitongoza. Alitaka niwe mke wa pili. Nilimkataa palepale. Sikukwambia kwa sababu ungenifukuza, na nyumba yako yote ingekataa dawa."

Kumbe! Wivu wangu haukuwa wazimu. Nilikuwa sahihi muda wote.

Nilitamani nirudi ndani nimmalizie mwenyewe. Badala yake nikasema, "Nifundishe kukoroga. Wafundishe wake wote, kila mmoja kwenye jiko lake. Hata ungekuwa malaika, hakuna mke atakayekubali mumewe anyweshwe na wewe."

Kornelia akacheka mpaka machozi. Kesho yake tukaanza, na wa kwanza kuja na sufuria alikuwa Lukresia. Watu wakanywa, maana sasa walimjua anayekoroga.

Na Nikodemo? Alipoweza kukaa akaniuliza, "Nesi amesema nini?"

"Amesema umepona."

"Na kingine?"

"Amesema yote."

Akajilaza taratibu, akafumba macho, akaanza kuugua upya.

Wanangu mnaosambaza mambo kwenye simu zenu, chukueni hili kwangu. Unaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu watu, ukawa umekosea kabisa kuhusu dawa. Mchukie nesi ukitaka. Mgonjwa mpe anywe.