Taa ya Sebuleni kwa Mama

Mama yangu hapendi mwanga unaowaka bila kazi. Tangu enzi za kibatari alikuwa mtu wa kuzima. Taa kuwaka mchana, kwake, ilikuwa dhambi ndogo ya kupeleka kwa padri. Kwa hiyo tulipomwambia kwamba taa mpya ya sebuleni haizimwi, mchana wala usiku, nilijiandaa kwa ubishi. Hakubisha. Alisema, "Kama ni ninyi mmesema, sawa," akaenda kutazama ndizi zake jikoni.

Haikuwa taa tu. Iliwaka kama taa nyingine, lakini katikati yake palikuwa na kamera ndogo, na picha zake zilitufikia kwenye simu zetu popote tulipo. Kaka yangu aliinunua Dar es Salaam akanitumia kwa basi. Mimi, niliye karibu, mwalimu wa sekondari hapa Bukoba mjini, ndiye niliyepanda juu ya kiti nikaifunga. Kisanduku cha intaneti tulimwambia ni cha kusaidia televisheni. Nasema hayo mapema ili mtu asije akanihesabu miongoni mwa watazamaji tu. Mkono uliokaza ile taa ni huu ninaoandikia.

Sababu tulikuwa nayo, na ilikuwa nzuri. Mama anaishi peke yake huko Muleba, upande wa Rubya, kwenye kibanja alichoachiwa na baba, migomba na mibuni mpaka mlangoni. Alianguka huko shambani akichuma kahawa, akalala chini asiweze kuinuka mpaka jirani yake alipomkuta na kumkokota hadi ndani. Jirani! Neno lenyewe ni dogo kwake. Sisi watoto tulimwita mama mdogo. Wote wawili waliolewa pale kijijini wakiwa wasichana wageni, na zamani wazee wetu walikuwa wakifunga undugu kwa tunda moja la kahawa lenye punje mbili, kila mmoja akimeza yake yenye damu ya mwenzake. Ulikuwa undugu wa wanaume. Wao wawili walilipasua tunda lao nyuma ya jiko, bila chale wala shahidi, wakameza huku wanacheka, na tangu hapo hakuna alasiri waliyokaa mbalimbali isipokuwa kwa ugonjwa au msiba.

Na sisi, baada ya huyo kumwokoa mama yetu, tulikaa kikao kwenye simu tukasema hatuwezi kutegemea majirani. Wahaya tunataniwa kwamba kila kitu tunakijua. Utani huo tulistahili.

Mwanzoni nilitazama kwa wasiwasi: ameamka, amekula, anatembea sawasawa. Kisha nikaanza kutazama kwa raha, na hapo ndipo panaponiuma. Nilimwona akisali rozari na kuikatiza katikati ili kumfukuza kuku, kisha akiendelea palepale bila kumwomba Mungu radhi. Nilimwona akibishana na redio. Msimu wa senene nilimwona yeye na mama mdogo wamekaa chini kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, wakinyonyoa mabawa na miguu, wakiwasema hawa na wale, wakicheka mpaka mmoja ajifute macho kwa kanga. Vipande vizuri tulivikata na kuvirusha kwenye kundi letu la familia. Wajukuu walikuwa wakiandika, "Bibi yuko hewani," na wote tulikimbilia simu. Nilitazama wakati wa chai, ofisini kwa walimu, nikiwa nimeinamia meza kana kwamba nasahihisha.

Kumpigia nikapunguza. Nimpigie nimuulize nini, na nimeshamwona? Kwenda kwake pia kukapungua. Alipolalamika kwamba siku hizi nimekuwa adimu, nilimwambia kazi ni nyingi, na yeye akaniombea kazi zipungue.

Balaa lililetwa na rubisi. Mama ana shinikizo la damu, na daktari alimkataza pombe, hata hii yetu ya ndizi. Alasiri moja mama mdogo alikuja na kibuyu kidogo, wakavuta kwa mirija, polepole, kama watu wazima wanavyofanya. Kaka yangu akaiona Dar es Salaam. Badala ya kunyamaza akampigia palepale.

"Mae, daktari si alikwambia uache rubisi?"

Nilikuwa natazama. Nilimwona mama akikishusha kibuyu, akamtazama mwenzake, akatazama mlango.

"Nani kakwambia?"

"Tumesikia tu," kaka akasema.

Tumesikia tu. Maneno mawili, na mtu mmoja tu, aliyekuwa amekaa pale, ndiye aliyejua kibuyu kile kinakuja. Kesho yake kaka akarudia kosa lilelile kwa habari ya chumvi, na siku nyingine tena kwa habari ya kupanda kwenye ngazi kutafuta debe. Kila mara mama mdogo alikuwa ametoka pale muda si mrefu. Mama si mjinga. Alijumlisha alichokuwa nacho akapata jibu, nalo halikuwa sahihi kwa sababu sisi tulikuwa tumemficha nusu ya hesabu. Aliponipigia, sauti yake ilikuwa chini. "Mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako. Yule mwanamke ananichongea kwenu." Ningeweza kusema palepale. Nilisema, "Achana naye, Mae, watu ndivyo walivyo."

Nililisema hilo kwa mdomo huu. Ili kumsafisha yule mama ilibidi niitaje taa, na mimi nikaona afadhali aendelee kuchafuka yeye kuliko mimi.

Kisha ikaja siku ya mvua. Mama alikuwa amekaa sebuleni, kikapu kidogo cha akamwani kiko pembeni yake, zile kahawa za kutafuna ambazo kwetu mgeni hupewa kabla hajaulizwa lililomleta. Tukasikia hodi. Kamera inasikia pia. Hodi ya kwanza, ya pili, kisha sauti ya mama mdogo akimwita mama kwa jina lake la usichana, ambalo hakuna mwingine aliye hai anayelitumia. Mama hakuinuka. Aliukazia macho mlango mpaka sauti ikaondoka na mvua ikabaki. Halafu akachukua kikapu chake akakifunika.

Kwenye kundi mjukuu mmoja alituma vile vikaragosi vya kucheka machozi. Mimi niliandika, "Mae kanuna leo, asisogelewe." Watu wakacheka zaidi. Mama mdogo hakurudi tena.

Miezi ikapita hivyo. Picha ya mama ikawa haina la kuchekesha, mwanamke mmoja na redio, na wajukuu wakaacha kutazama. Mimi niliendelea, nikijiambia ni kwa ajili ya usalama wake.

Jumapili moja nikaenda kumwona, nimebeba mikate ya mjini na flashi ya filamu. Mama anazipenda zile zilizotafsiriwa, ambazo mtafsiri anaweka sauti yake juu ya sauti za waigizaji na kuongeza utani wake mwenyewe. Kijana wa kibanda pale karibu na stendi ya Bukoba alinijazia alizoona zinafaa. Sikuuliza ni zipi. Baada ya misa na chakula, tukaketi.

Filamu ilikuwa ya mtu mmoja ambaye maisha yake yote yanaonyeshwa kwenye televisheni na yeye hajui. Akinywa chai, watu wanamtazama. Akilia, wanamtazama. Nilipoelewa tunakokwenda, nilinyoosha mkono kutafuta rimoti. Taa ilikuwa juu yetu, inawaka saa nane mchana.

"Mae, tuweke nyingine. Hii inachosha."

"Iache."

Akatafuna kahawa yake, macho kwenye kioo. Baada ya muda akauliza, "Huyu hajui?"

"Hajui."

"Na hao anaokula nao, wanajua?"

"Wanajua."

Ikaonyeshwa nyumba ya watu wanaomtazama, wamejaa kwenye makochi, wanamlilia yule mtu kwa mapenzi kabisa. Mtafsiri akatia mzaha wake. Mama, ambaye huwa anamchekea yule mtafsiri hata anapokohoa, hakucheka.

"Hawa wanaompenda hivi," akasema, "hakuna hata mmoja mwenye namba yake ya simu?"

"Ni filamu tu, Mae."

"Najua ni filamu. Nakuuliza, hakuna?"

Akatikisa kichwa. "Basi mimi nimepona. Yule wangu alinichongea kwa mdomo, nikamjua, nikamfungia mlango. Huyu atamfungia nani?"

Hapo nikashindwa. Nilijiona ningeweza kukaa na uongo ule mpaka kaburini, lakini kusikia anajihesabu mwenye bahati kwa sababu yangu, sikuweza. Nikazima televisheni. Nikamwambia yote, kuanzia kiti nilichopandia. Nilitaja kuanguka kwake, nilitaja hofu yetu, nikasikia jinsi sababu zetu nzuri zilivyo nyepesi zikisemwa kwa sauti ndani ya nyumba yenyewe.

Mama aliinua uso akaitazama taa. Hakupandisha sauti.

"Inaona mpaka wapi?"

"Sebule yote. Na mlango."

"Inasikia?"

"Inasikia."

Nje kuku walikuwa wakiparua chini ya migomba. Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Siku ile ya mvua?"

"Tulisikia."

"Mlikuwa wangapi?"

"Wote, Mae."

Nikavuta kiti, nikapanda, nikashika ile taa niing'oe. Ilikuwa ya moto ikaniunguza vidole, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

"Shuka," akasema.

"Naitoa, Mae. Leo hii."

"Shuka, nimesema. Mliona nikimfukuza, mtaona akirudi. Na asiporudi, mtaona hilo pia." Akachukua kikapu cha kahawa akakiweka mapajani. "Sasa nenda kwake ukaseme lako. Langu nitalisema mwenyewe."

Kwa mama mdogo ni kuvuka kibanja tu, kupita ule mpaka wa mimea ya milamula ambao babu waliupanda ili watu wasigombane. Nilimkuta barazani anamenya ndizi. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikasema. Aliendelea kumenya mpaka nilipomaliza. Mikono ile ilikuwa ya mwanamke aliyenibeba mgongoni siku mama alipokuwa hospitalini kumzaa mdogo wetu. Hilo nilikumbuka nikiwa nimeinama pale, si kabla.

"Kwa hiyo mlikuwa mnanisikia nikiita," akasema.

"Ndiyo, mama mdogo."

"Nilidhani amekufa humo ndani. Nilizunguka mpaka dirishani, nikamwona amekaa. Ndipo nikaondoka." Akaweka kisu chini. "Mimi na mama yako tungegombana, tungepatana. Tumegombana mara nyingi. Lakini hili lenu nitalipatanishaje? Nitamsamehe kwa kosa ambalo si lake?"

Akanishukuru kwa kuja, akanitakia safari njema, akachukua ndizi nyingine. Sikupewa kahawa. Msomaji wa mbali anaweza kuona ni jambo dogo. Sisi tunajua kwamba hata mtoza kodi hupewa.

Kaka yangu nilimpigia nikiwa barabara kuu nasubiri gari. Alikasirika, kisha akalia, kisha akasema tuiondoe. Nikamweleza amri ya mama. Kwenye kundi hakuna aliyeandika kitu, na tangu siku ile wengine wote wameacha kuifungua ile picha. Nawaelewa. Ni mimi tu ninayetazama, na sijui kama natii au nina uroho.

Mama alikwenda kusema lake. Nilimwona akitoka amejifunga kanga mpya na akirudi muda si mrefu. Hajanieleza walichozungumza. Ila kila alasiri anaweka vigoda viwili, kimoja cha kwake na kimoja kinachotazama mlango, na katikati kikapu cha akamwani, wazi. Anakaa. Redio ameizima. Mlango ameuacha wazi hata upepo ukivuma.

Jana baada ya vipindi nilimtazama hivyo kwa muda mrefu. Kigoda cha pili kilikuwa kitupu. Nikakumbuka swali lake la filamu, nikaona haya. Namba yake ninayo, ninayo tangu siku alipopata simu. Nikaiacha picha kwenye simu kubwa, nikachukua kitochi changu, ile simu ndogo ya vitufe, nikapiga.

Ikaita. Niliisikia mara mbili, sikioni kwangu na sebuleni kwake. Nilimwona akiichukua kwenye nyasi, akaisogeza karibu na macho ili asome jina. Akalisoma. Akainua uso akaitazama taa, sawasawa, mpaka nikajikuta nimeyakwepa macho yake nikiwa Bukoba. Halafu akairudisha simu chini, akageukia mlango, akaiacha iite mpaka ikakatika.